Tupeane uzoefu: homa kali na mafindofindo kwa watoto wadogo

Mama Pacha: Mtoto wa jirani amelazwa kwa homa na koo, nami nimekumbuka ya kwangu. Waliopitia haya watueleze walivyotambua, kwa maana wengi wetu mtoto akichemka tu tunakimbilia dawa ya malaria.

Mkazi wa Tandika: Kweli kabisa, dada. Wangu alipimwa, malaria haikuonekana. Alipofunuliwa kinywa ndipo usaha ulipoonekana.

Baba Nuru: Binti yetu, wa miaka minne, alikataa hata uji, na kila akimeza mate alilia. Usiku joto lilipita nyuzi 40, macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Bibi yake akaagiza kinyesi cha tembo amfukize, jirani akaleta kijiko amtie kati ya meno, na mama yake akaanguka sakafuni akiamini mtoto ameshakufa. Muuguzi tuliyepanga naye nyumba moja aliwazuia wote, akamlaza ubavu, akamfungua nguo za shingoni, akatazama saa. Degedege liliisha kabla ya dakika tano, tukamkimbiza hospitali. Kumbe chanzo kilikuwa koo.

Mama Pacha: Nimesoma huku nikitetemeka. Pole sana, kaka.

Mzee wa Tanga: Hicho ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Zamani fundi alikikata na watoto walipona.

Muuguzi Mstaafu: Shikamoo, mzee wangu, lakini hapa sitanyamaza. Nimewapokea watoto waliovuja damu baada ya kukatwa kimeo, na wembe huo unaweza kuleta pepopunda au virusi vya UKIMWI.

Mzee wa Tanga: Marahaba. Mbona waliokatwa walipona?

Muuguzi Mstaafu: Kwa sababu koo nyingi za watoto husababishwa na virusi, nazo hupona zenyewe ndani ya wiki moja hivi. Ya bakteria, hasa streptokoka, hushika zaidi wenye miaka 5 hadi 15: homa ya ghafla, tezi za shingo kuvimba, mafindofindo yenye usaha, mara nyingi bila mafua wala kikohozi. Isipotibiwa, baadhi hupata homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Kwa hiyo mtoto akiandikiwa penisilini au amoksilini ya siku 10, amalize zote, hata akianza kucheza siku ya tatu.

Mama wa Iringa: Mimi hutumia asali na kitambaa cha maji ya barafu.

Mkazi wa Tandika: Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja, na barafu humtetemesha mtoto bure.

Baba Nuru: Je, degedege lile ni mwanzo wa kifafa?

Muuguzi Mstaafu: Kwa walio wengi, hapana, degedege la homa huwapata wenye miezi 6 hadi miaka 5, na wengi huliacha wakikua. Kwa homa mpe parasetamo, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara nne kwa siku, na aspirini usimpe kabisa. Asiyeweza kumeza mate, anayepumua kwa taabu au aliyekakamaa shingo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.