Mjadala: Je, mizigo ya ndani ibebwe na meli zenye bendera ya nchi, yaani zilizosajiliwa nchini, peke yake?

Mleta mada

Wakuu, kila wenye meli ndogo za mwambao wanapolia biashara mbaya, dawa inayotajwa kwanza ni ile ile: meli za kigeni zipigwe marufuku kubeba mzigo kati ya bandari mbili za nchi moja. Mimi napinga. Wageni siwatetei, ila kinachoziua meli hizi kiko gatini.

Fuateni gunia moja. Likienda kwa lori, linapakiwa ghalani na kushushwa dukani, basi. Likienda kwa meli, linapakiwa kwenye lori, linashushwa gatini, linapandishwa melini, linashushwa tena, linapanda lori la pili, ndipo lifike. Kila anayeligusa analipwa, na kila linapotua kuna ada, mhuri na gunia lililopasuka. Meli ya tani 1,500 hubeba shehena ya malori 50 ya tani 30, tena kwa mafuta kidogo kwa kila tani. Safari ikiwa fupi, nafuu yote hiyo huishia kwenye kupakia na kupakua.

Ufilipino walilishika tatizo hapo hapo. Amri ya Rais namba 170 ya mwaka 2003 iliondoa ada ya upakuaji na ada ya gati kwa mzigo unaoingia melini juu ya magurudumu. Lori linaingia lenyewe, linatoka lenyewe, linalipia nafasi linayochukua.

Sasa tazameni waliotegemea marufuku. Sheria ya Marekani ya mwaka 1920 inataka meli ya mwambao ijengwe Marekani, imilikiwe na iendeshwe na Wamarekani. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, mwaka 2017, serikali yenyewe iliisimamisha kwa siku 10 ili misaada ifike. Nigeria walipitisha ya kwao mwaka 2003, pamoja na tozo ya asilimia 2 ya thamani ya mikataba ya meli za mwambao ili wazawa wakopeshwe kununua meli. Zaidi ya miaka 15 ikapita bila mwenye meli hata mmoja kukopeshwa, na vibali maalumu kwa meli za kigeni vikawa jambo la kawaida. Marufuku bila meli ni karatasi tu.

Mchangiaji

Mkuu, mifano umeichagua vizuri kwa faida yako. Mbona Indonesia umeiruka? Mwaka 2005 rais wao aliagiza mizigo ya ndani ibebwe na meli za bendera yao, sheria ya 2008 ikakazia, na ndani ya miaka 10 idadi ya meli hizo ikazidi maradufu. Sheria hiyo hiyo inavitambua hata vyombo vya mbao vya wananchi, havikufagiliwa.

New Zealand wakafanya unachokitaka wewe. Mwaka 1994 waliruhusu meli za kigeni zinazopita zibebe mizigo ya mwambao. Mwaka 2022 serikali yao ikatenga dola milioni 30 za kwao kufufua meli za ndani. Meli ya kigeni inabeba mzigo wako ukiwa njiani mwake. Ratiba ikibadilika, haikujui.

Mleta mada

Indonesia meli ziliongezeka, sibishi. Ila mwaka 2015 serikali yao ililazimika kuanzisha njia za meli zenye ruzuku kwenda visiwa vya mashariki, kwa kuwa meli zilienda zimejaa na kurudi karibu tupu, na mteja wa kule ndiye anayelipia safari zote mbili. Bendera haileti mzigo wa kurudi.

Mchangiaji mwingine

Mnabishana nauli, hakuna anayeuliza umri wa meli. Soko likifungwa halafu meli mpya ikawa ghali, mwenye meli anaing'ang'ania ya zamani. El Faro, iliyokuwa ikipeleka mizigo Puerto Rico chini ya sheria hiyo ya 1920, iliundwa mwaka 1975 na ikazama kwenye kimbunga Oktoba 2015 na watu wote 33. Wachunguzi waliyalaumu zaidi maamuzi ya nahodha, lakini mashua zake za kuokolea zilikuwa za wazi, za mtindo wa zamani, na kanuni ziliruhusu kwa sababu meli ilikuwa nzee.

Kwa meli ndogo hali ni mbaya zaidi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, kwa sehemu kubwa unahusu safari za kimataifa, na kwa meli za mizigo huanzia zenye ukubwa wa 500 kwa kipimo cha ujazo wa meli (gross tonnage). Za chini ya hapo, zinazozunguka ndani ya nchi, zinategemea mkaguzi wa nyumbani.

Kwa hiyo mimi nasema bendera iwe ya nchi na mabaharia wawe wa nchi, ila meli inunuliwe popote duniani, mradi si kuukuu. Mleta mada, sharti la kujenga nyumbani likiondolewa, bado unapinga?