Nimeomba tiba ya mdogo wangu, nimepewa FULANA!!!

MwishoWaReli:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi msinisahihishe. Mtu mwenyewe mnamjua. Kigoma hii nani hamjui? Yule ambaye kila semina yumo, kitambi kinaingia ukumbini saa mbili, mwenyewe anafika saa tatu na nusu. Jina silitaji, nina watoto wanasoma.

Usiku wa kuamkia jana dogo kakamatwa na arosto, ile hali ya mraibu akikosa unga. Miayo kama mtu wa mkesha, makamasi, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, na joto lote hili la Ujiji anaomba blanketi. Asubuhi nikampakia boda, mshikaki, mpaka Mwanga, maana nilisikia kuna uelimishaji wa dawa za kulevya. Nikasubiri kipindi cha maswali. Nikauliza kwa adabu zote: "Mheshimiwa, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 tunaisikia. Metadoni, ile dawa ya kunywa badala ya heroini, Muhimbili wanatoa tangu 2011, mraibu anakunywa bure pale dirishani. Mwanza ipo, Dodoma ipo. Fungu la huku kwetu liko wapi?"

Anatafuna sambusa. Anamtazama dogo juu mpaka chini. Anainama kwenye boksi. Anatoa fulana.

"Mvalishe hii."

MVALISHE HII!! KATAA DAWA ZA KULEVYA, saizi ya kontena. Ukumbi ukapiga makofi. Makofi, wakuu! Mpiga picha akamwambia dogo atabasamu. Mtu ana arosto, anaambiwa atabasamu!

Yaani nyumba inaungua, unaita zimamoto, wanakuletea kalenda yenye picha ya gari lao. Bora angenitukana. Sambusa mkononi, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye saa: mvalishe hii.

Mgebuka_Mkavu:
Naweka kambi. Rangi gani?

MwishoWaReli:
Rangi gani nini?

Mgebuka_Mkavu:
Fulana.

MamaNtilie_Ujiji:
Hizo sambusa zilikuwa za nyama au za viazi? Mwezi wa tatu nilipika 140 za shughuli kama hiyo hiyo, mtu huyo huyo, hela sijaiona mpaka leo. Nikipiga simu naambiwa yuko kikaoni. Kikao gani kinaisha miezi?

MtotoWaKanyenye:
Kigoma mnadeka. Sisi Tabora tulipewa kofia za karatasi, mvua ikanyesha kabla mgeni rasmi hajasimama.

WakiliMkavu:
Mleta uzi kachanganya mambo. Sheria ya 2015 ndiyo iliyoleta Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya. Sheria ni kitu kimoja, bajeti ni kitu kingine. Marekani fungu wanaliandika ndani ya sheria yenyewe: Desemba 2016 walipitisha dola bilioni 1 kwa miaka 2, zigawiwe majimbo kwa ajili ya janga la opioidi, yaani heroini na jamii yake. Oktoba 2018 wakaja na nyingine, ile ya SUPPORT, tiba humo humo, kuzuia vifo humo humo, na kumsaidia mtu asirudie. Naloksoni, ile ya kumpulizia puani aliyezidisha dozi, mwaka 2023 waliruhusu iuzwe bila cheti cha daktari.

Mgebuka_Mkavu:
Na 2022 wakafa zaidi ya laki moja kwa kuzidisha. Bora fulana.

WakiliMkavu:
Huko ni fentanili hiyo, kali kuliko heroini, usifananishe na kete za huku.

MwishoWaReli:
Wakili, nilimuuliza yeye, sikukuuliza wewe. Na yeye alinijibu kwa fulana.

Boda_Gungu:
Samahani mkuu, si wewe uliyepanda na dogo jana asubuhi ukasema utanitumia kwa simu? Bado elfu mbili.

Mgebuka_Mkavu:
😂😂😂 Anadai fungu la serikali, la boda hajalipa.

MwishoWaReli:
Nitatuma. TUSITOKE KWENYE MADA. Anatafuna sambusa, anainama kwenye boksi...

Katubuka_One:
Si umpandishe treni mpaka Mwanza akanywe hiyo dawa arudi?

WakiliMkavu:
Metadoni ni kila siku, kaka. Leo anakunywa nesi akimwangalia, kesho hivyo hivyo, mwaka unakwisha. Au unataka ahamie kwenye behewa?

Katubuka_One:
Treni umeitaja wewe. Safari iliyopita tulikaa Kaliua saa tisa, tumbo linanguruma, karanga ndiyo chakula.

WakiliMkavu:
Treni umeitaja wewe.

MtotoWaKanyenye:
Kaliua mnaisingizia tu. Nyie mkishaona embe za Tabora mnashuka wenyewe.

Katubuka_One:
Embe zenye mafunza hizo?

MtotoWaKanyenye:
Kuleni migebuka yenu mlale. Bei imepanda mpaka mnanusa mnaondoka.

MamaNtilie_Ujiji:
140. Za nyama.

Boda_Gungu:
Lakini jamani, dogo anaendeleaje? Jana alikuwa anatetemeka mpaka pikipiki inayumba.

MwishoWaReli:
Fulana kaiuza jana hiyo hiyo jioni, buku tatu. Zilikoenda mnajua. Sasa hivi kalala barazani, kila nusu saa naenda kusikiliza kama anapumua.

Mgebuka_Mkavu:
Mkuu, pole. Nilitaka kunyamaza ila aliyeinunua ni mimi, ya njano. Nimeifua mara moja, neno la kwanza limebanduka. Imebaki DAWA ZA KULEVYA, na leo nimeivaa mpaka Kibirizi, watu wananiita pembeni wananiuliza bei.

Katubuka_One:
😂😂 Ungewaelekeza kwa yule mwenye boksi.

MamaNtilie_Ujiji:
Mkimwona huko mniambie, nije na daftari langu.