Kurudi Animal Orphanage ya Nairobi na kamera: waya huu nitaushindaje?

Mtoto wa Eastlands aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Mwaka 1986, nilipokuwa darasa la nne, shule yetu ilitupakia kwenye basi ikatupeleka Animal Orphanage, kituo cha wanyama yatima, pale penye lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, Lang'ata. Ninayoyakumbuka ni machache: harufu kali ya fisi iliyotufikia kabla ya kumwona mwenyewe, chuma cha kizuizi kilichonifika kidevuni, na tumbili aliyeteremka mtini akampokonya mwenzangu pakiti ya maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni, ile ya pembetatu, akaitoboa kwa meno mbele ya mwalimu mkuu. Simba nilimwona, lakini sura yake haimo kichwani mwangu. Kilichobaki ni mkono wa mwalimu ukinivuta nyuma.

Nilirudi mwezi uliopita nikiwa na kamera na lenzi ya milimita 70 hadi 300, ambayo si ya bei kubwa. Nilipiga picha zaidi ya mia moja na karibu zote ziliharibika kwa namna moja: macho ya wavu yametokea wazi kabisa, kila fundo la waya laweza kuhesabiwa, na nyuma yake duma amekuwa doa la rangi ya mchanga. Ninaomba wenye uzoefu mnieleze jinsi ya kuuondoa waya huo kwenye picha, na pia niende saa ngapi, kwa sababu mwanga wa saa sita ulinipa simba mwenye vivuli vyeusi mahali pa macho.

LenziNdefu alijibu:

Ndugu, kamera yako haina kosa, ilifanya ilichoagizwa. Ulengaji wa otomatiki hushika kitu kilicho karibu chenye mistari iliyokolea, na wavu una mistari mingi kuliko ngozi ya duma. Zima otomatiki, zungusha pete ya lenzi kwa mkono hadi jicho la mnyama likae sawa, kisha usiiguse tena mpaka atakapohama.

Waya wenyewe hautoweki kwa bahati, bali kwa umbali. Nenda mwisho wa lenzi yako, yaani milimita 300, fungua tundu la lenzi kadiri linavyoweza kufunguka, ukaribie wavu, kisha usubiri mnyama awe mbali na wavu kwa upande wake. Duma akiwa ameuegemea waya hutapata kitu hata ukiwa na lenzi ya mamilioni. Akiwa mita sita au saba ndani, waya huyeyuka ukabaki kama utando mwembamba usioonekana. Subira hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa maana duma huzunguka kizimba chake kwa njia ileile, na baada ya dakika ishirini utakuwa umeshajua atakakosimama.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni jua juu ya waya. Waya unaomulikwa na jua hung'aa na kuipaka picha nzima weupe kama wa chai iliyozidi maziwa, hata kama wenyewe hauonekani. Tafuta upande ambao wavu uko kivulini. Usipoupata, mwombe mwenzako asimame na mwavuli mweusi ili kivuli kiangukie ile sehemu ya wavu unayopigia picha. Fleshi iache nyumbani: itaumulika waya kwanza, na itamsumbua mnyama bure.

Mama Kiprono alijibu:

Ninakubaliana na LenziNdefu isipokuwa pale anaposema "ukaribie wavu", kwa kuwa msomaji mgeni anaweza kulielewa vibaya. Kile chuma kilichokufika kidevuni kimewekwa ili pawe na nafasi kati ya mkono wa mtu na ukucha wa chui, na picha si sababu ya kukivuka wala kuning'inia juu yake. Simama kwenye kizuizi, ukubali kwamba lenzi yako haitagusa waya, na ufidie kwa kungoja mnyama aende ndani zaidi. Mahali penye kioo mambo ni tofauti, maana unaweza kukibandika kioo mdomo wa lenzi ukiwa na pete ya mpira ya kuuzunguka, na mwakisiko wa shati lako jeupe usiingie pichani. Bora zaidi, usivae shati jeupe.

Kuhusu saa, ingia mara tu lango linapofunguliwa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua hupanda wima kama ndoo ya kisimani, na ikifika saa nne mwanga mzuri umekwisha. La sivyo, ngoja Julai. Watu wa Nairobi tunailaani baridi ya Julai, lakini wingu lile la kijivu linalokaa juu ya mji siku nzima hulainisha mwanga hadi chini ya nyusi za simba, na unaweza kufanya kazi hata saa saba mchana.

Malipo ya kuingia hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo yamalize kabla ya kufika. Nilisimama nyuma ya familia iliyohangaika na mtandao langoni huku jua likipanda.

Msafiri wa Entebbe alijibu:

Ukipata nafasi ya kuvuka mpaka, bustani ya wanyama ya Entebbe, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, ina sokwe wanaoishi kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji, hivyo hakuna waya kati yenu. Yuko pia korongo-nyangumi, ndege anayesimama tuli kwa muda mrefu mno, ambaye kwa mwanafunzi wa kamera ni zawadi.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mmeshughulikia waya unaoonekana. Mimi nitaje ule unaofichwa. Picha ya simba iliyosafishwa vizuri, bila wavu wala sakafu ya saruji, itasomeka kama ya simba wa Maasai Mara, na mwenye picha akinyamaza amekwisha kudanganya. Mwaka 2009 mpigapicha mmoja wa Uhispania alishinda tuzo kuu ya shindano la picha za wanyamapori linaloandaliwa London kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango usiku. Januari 2010 waamuzi walimvua ushindi huo baada ya kuamini kwamba mnyama yule alikuwa amefugwa na kufunzwa, jambo ambalo mwenyewe alilikana.

Kituo hiki kilifunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanyama walioachwa yatima, waliojeruhiwa au wagonjwa. Kwa hiyo usipige tu, muulize mhudumu mnyama huyu alifikaje hapa. Jibu lake liandike chini ya picha, nayo itakuwa na thamani kuliko ile ya kudanganyia.

Mtoto wa Eastlands alijibu:

Ninawashukuru nyote. Nimerudi Jumanne, wingu zito, pamoja na dada yangu na mwavuli wake mweusi, ambao uliwafanya wanafunzi waliokuwa hapo waamini kwamba sisi ni watu wa televisheni. Kizuizi sasa kinanifika kiunoni. Nimebaki na picha tisa. Katika moja, duma amesimama kando akitazama juu ya bega langu, na mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni umetoka safi hadi manyoya yake yanahesabika. Mhudumu alinieleza jinsi alivyoletwa, nami nimeliandika jibu lake kama Mwalimu alivyosema.

Picha ninayoipenda zaidi sikuipanga. Tulipokuwa tukielekea nje tulimkuta ngiri anayerandaranda njiani, amepiga magoti kwa miguu ya mbele akila nyasi kando ya benchi, hana wavu wala mwenyewe. Chini yake imenibidi niandike kwamba huyu yuko huru, kwa sababu watu wote wawili niliowaonyesha waliniuliza yumo kwenye kizimba gani.