Nomadland: filamu imewatendea haki wanaoishi garini, au imeipamba dhiki?

Mtoa mada, Gungu (Kigoma)
Filamu ni ya 2020, mwongozaji ni Chloé Zhao, na mwaka 2021 ilichukua Oscar ya filamu bora. Kwa ambaye hajaiona: Fern ni mjane aliyeishi Empire, Nevada, mji uliotegemea kiwanda kimoja cha bodi za jipsamu. Kiwanda kilifungwa 2011, watu wakahama, hata namba ya posta ya mji ikafutwa. Fern akahamia ndani ya Ford Econoline yake na kuanza kufuata vibarua vya msimu: kufungasha mizigo Amazon, kusafisha vyoo vya kambi za watalii, kuvuna biti za kutengenezea sukari. Linda May, Swankie na Bob Wells si waigizaji, ni watu wa maisha hayo hayo.

Watazamaji wamegawanyika. Wapo wanaoona uhuru, wapo wanaoona umaskini uliopigwa picha wakati wa machweo. Na hapa kwetu hawakosekani wanaosema bora kununua HiAce kuliko kulipa kodi ya chumba. Karibuni, ila mje na vipimo.

Wa Isevya (Tabora)
Imepamba, tena sana. Tazama sehemu ya Amazon: anaingia ghalani, anacheka na wenzake, anasema malipo ni mazuri, basi. Kitabu cha Jessica Bruder cha 2017 kilichozaa filamu hii kinaeleza wazee waliokuwa wakitembea kilometa nyingi kwa zamu moja juu ya sakafu ya zege, na vidonge vya maumivu vya bure vikiwa ukutani. Kamera imevikwepa vidonge, ikaenda kupiga picha milima.

Ujiji Mjini
Kaka wa Isevya, ulitaka hotuba. Linda May anasema alifanya kazi tangu akiwa na miaka 12, na alipoangalia malipo yake ya uzeeni akakuta dola 550. Hayo ni mapambo? Halafu Fern anaumwa tumbo usiku akiwa na ndoo tu garini. Hakuna machweo pale.

Wa Isevya
Dola 550 imesemwa mara moja, milima imeonekana filamu nzima.

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Urambo (Tabora)
Na hiyo 550 wengi hapa hawataiona. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inataka michango ya miezi 180 ili upate pensheni ya kila mwezi. Kibarua wa tumbaku anayechuma, kufunga na kuingiza majani bani (banda la kukaushia) msimu kwa msimu hachangiwi na mtu. Kwa hiyo tusimlinganishe Fern na kibarua wa Kaliua kana kwamba wote wameanguka kutoka ngazi ileile.

Fundi umeme wa magari, Mwanga (Kigoma)
Wakuu, ubishi wa milima nawaachia. Kuna matukio mawili ambayo wengi wameyapita haraka. La kwanza ni pancha. Fern hana spea, anaenda kumgongea Swankie, na Swankie anamkaripia: uko porini peke yako, lazima uweze kubadili tairi mwenyewe. La pili ni injini. Gari linagoma, gereji inataka zaidi ya dola 2,000 na kumwambia kuwa kwa gari la umri ule ni afadhali anunue jingine. Anaenda kukopa kwa dada yake California. Kwangu mimi, filamu nzima iko hapo. Aliyebaki barabarani alibaki kwa sababu alikuwa na ndugu mwenye akiba.

Sasa hao wa HiAce, wahesabu umeme kwanza, maana ndiko wengi wanakodanganyana. Friji dogo la volti 12 linavuta kama wati 45 linapofanya kazi. Kwa joto la Tabora la Septemba na Oktoba litafanya kazi nusu ya siku au zaidi, tuseme wati-saa 540. Feni ya wati 20 kwa saa 8 ni 160. Taa na simu mbili, weka 50. Jumla 750. Paneli ya wati 100 iliyolazwa juu ya paa, kiangazi, inatoa kama 400 hadi 450 kwa siku. Kwa hiyo unahitaji wati 200 kwa kiangazi tu, na kati ya Novemba na Aprili siku ikifunga mawingu utapata theluthi ya hapo. Masika friji linazimwa, huo ndio ukweli.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200 kwenye lebo. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku inakufa mapema, hivyo hesabu 600. Usitumie betri ya kuwashia gari. Weka ya pili, na katikati ufunge relei ya kutenganisha, ili injini ikiwaka alteneta ichaji zote mbili na ikizimwa friji lisiinyonye betri ya gari hadi asubuhi ushindwe kupiga stata.

Kosa linalojirudia ni waya. Watu wanachukua wa nyumba, milimita 1.5. Friji likiwa mita 4 kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi ni mita 8, na motor inapoanza ikivuta ampea 10 unapoteza karibu volti moja. Betri ina 12.2, friji linapokea 11.2, linajizima, mtu anakimbilia kununua betri mpya. Funga milimita 6, utapoteza robo ya volti tu. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shibri moja kutoka kwenye ncha ya chanya. Waya usio na fyuzi ukisuguka kwenye bodi unawaka moto na wewe umelala.

Ujiji Mjini
Fundi umetoka kwenye filamu umeingia gereji.

Fundi umeme wa magari, Mwanga
Ndiko filamu ilikokataa kuingia, dada.

Muuguzi, Kasulu
Naomba niongeze kwenye hoja ya kupamba. Adui wa Fern ni baridi, anajikunyata usiku kucha. Kigoma adui ni mbu. Ukifunga vioo unapikwa, na mtu mmoja aliyelala anatoa kama nusu lita ya mvuke hadi asubuhi: godoro linaota ukungu upande wa chini. Ukifungua vioo bila wavu, malaria. Basi kata wavu wa chandarua upana wa dirisha ukizidisha sentimita 5 kila upande, ubane kwa sumaku ndogo au mpira wa mlango, na bado ulale ndani ya chandarua chenye dawa. Paa la HiAce ya kawaida ni fupi, hivyo chandarua kitakugusa, na mbu anauma kupitia kitambaa kikigusa ngozi. Ning'iniza pembe nne, si katikati.

Jiko la mkaa ndani ya gari, hapana. Hata makaa yanayofifia. Kaboni monoksaidi haina harufu, na haizami wala haipandi, inachanganyika na hewa yote, kwa hiyo kuacha kioo wazi kidogo si kinga. Gesi ya mtungi wa kilo 6 ina tabia nyingine: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Mtungi ukae kwenye kisanduku chenye tundu la kutokea chini ya gari, na upikie nje mlango ukiwa wazi.

Wa Isevya
Na choo, muuguzi? Maana filamu ilichekesha watu na ile semina ya kutumia ndoo kama choo.

Muuguzi, Kasulu
Ile semina ni ya maana kuliko mlivyoicheka. Ndoo ya galoni 5 ni lita 19, ya galoni 7 ni lita 26 na ni ndefu zaidi, ndiyo maana walipendekeza hiyo kwa wenye magoti mabovu. Kinachofanya kazi: mkojo uende kwenye dumu lake, kila ukimaliza haja kubwa mimina vikombe viwili vya maranda makavu, funika. Ukichanganya mkojo na kinyesi ndipo harufu inapoanza. Swali ambalo filamu haikujibu ni unamwaga wapi. Si ziwani, si kwenye korongo. Mwaka 2015 Kagunga, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, ilijaa maelfu ya wakimbizi wa Burundi bila vyoo vya kutosha, na kipindupindu kikaua watu. Gari moja halileti mlipuko, lakini magari 30 ufukweni Kibirizi bila choo ni habari nyingine.

Dereva wa lori, Kaliua
Mnasahau ardhi. Kule Marekani kuna ardhi kubwa ya serikali kuu ambayo unaruhusiwa kupiga kambi bure, kwa kawaida siku 14, kisha usogee. Quartzsite, Arizona, unalipia kibali cha msimu mzima wa baridi. Maisha ya Fern yamejengwa juu ya kanuni hiyo, si juu ya moyo wake wa safari. Hapa kila eneo lina mwenyewe: kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hifadhi ya msitu inayotaka kibali, au kiwanja cha mjini. Ukilala usiku wa pili pembeni ya kijiji, mwenyekiti wa kitongoji atakuja kuuliza wewe nani, na ni haki yake, hasa Kigoma, mkoa wa mpakani. Kitambulisho cha NIDA kiwe karibu kuliko spana.

Ujiji Mjini
Lakini wafanyabiashara wa minada wanafanya nini? Mitumba inapakiwa kwenye Canter, leo gulio hili kesho lile, wanalala juu ya marobota. Na zamani Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka pwani hadi Ujiji kwa miezi. Kuhamahama kutafuta riziki hatukuletewa na Zhao.

Dereva wa lori, Kaliua
Sawa mama, ila wa mnadani ana nyumba anakorudi, na mpagazi alirudi kulima. Fern hana pa kurudi, Empire imefungwa. Hiyo ndiyo tofauti, na filamu imeionyesha vizuri pale anaporudi kuitazama nyumba tupu. Hapo siungani na Isevya.

Wa Isevya
Nakubali nyumba tupu. Amazon sijakubali.

Kijana wa Mwandiga
Fundi, shikamoo. Tuache Oscar. Mtu akitaka HiAce ya kazi hiyo aangalie nini kabla ya kulipa?

Fundi umeme wa magari, Mwanga
Marahaba. Washa injini ikiwa baridi kabisa, usikubali ukute wameshaipasha. Moshi wa bluu unaoendelea, inakula oili. Moshi mweupe usioisha, angalia maji ya rejeta kama yanapungua. Ingia chini, gonga chesisi kwa bisibisi karibu na springi za nyuma, hapo kutu huanzia. Halafu pakia mzigo wako wote: dumu tatu za maji ni kilo 60, betri kama 30, kitanda cha mbao si chini ya 50, mtungi, vyombo, watu. Endesha hadi Uvinza na urudi. Springi ikikaa au gari likivuta upande, hujanunua bado. Maji yakae sakafuni katikati ya matairi ya mbele na nyuma, yafungwe kwa mkanda. Spea ifunguliwe palepale muuzaji akiwepo. Vingi vya vile vishikizo vya chini vimeganda kwa kutu, na utajua hilo ukiwa na pancha. Beba jeki ya tani 2 na ubao mgumu wa sentimita 30 wa kuweka chini yake, maana kwenye mchanga jeki inazama badala ya kuinua. Nati zilegezwe tairi likiwa bado limekanyaga chini.

Na pesa ya injini iwe pembeni kabla hujanunua godoro.