Naomba ushauri: Ubudha ni dini au falsafa? Mama ameanza kuniogopa

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Dodoma, Nkuhungu. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, hadi kwaya nimeimba.

Mwaka jana nilikosa usingizi, jamaa yangu akanifundisha tahajudi ya Kibudha, yaani kukaa kimya na kutuliza akili. Alfajiri nakaa kwenye mkeka, nahesabu pumzi hadi kumi, narudia. Usingizi umerudi. Sasa juzi mama kaja kutoka Kongwa na kiroba cha karanga, akanikuta nimekunja miguu, nimefumba macho. Hakusema kitu. Jioni ndio akauliza, "Mwanangu, unamwomba nani pale?" Nikamjibu simwombi mtu. Hapo nikaharibu kabisa.

Nimejisomea kidogo. Buddha, yaani Siddhartha Gautama, hakujiita Mungu. Alifundisha kweli nne kuhusu mateso, na njia yenye mambo manane ya kuyamaliza. Muumba wa kuabudiwa hayupo. Nikaona basi, falsafa hii. Lakini kuna watawa, kuna kuzaliwa upya kutokana na matendo yako, na watu wanapeleka maua na ubani mbele ya sanamu. Hata Dar, pale Upanga, hekalu lipo. Falsafa gani inafukiziwa ubani? Utao, yale mafundisho ya kale ya Uchina, nao hivyo hivyo, una mawazo ya wahenga na una makuhani.

Nikihesabu pumzi tu, bila sanamu, nimeshatoka kanisani? Na hilo neno "falsafa" nimwambieje mama kwa Kigogo? Anaondoka Alhamisi, na karanga zangu hajazifungua.