Eti "ninyi ni wenyeji, mtayaona siku nyingine": nimeachwa chomboni Songo Mnara

Mjukuu wa Kondoa:

Wanajukwaa, salamu zangu mzipokee zikiwa na upungufu, kwa maana ninaandika nikiwa na tope la mikoko hadi magotini na hasira hadi utosini. Yule bwana wa safari za jahazi pale Kilwa Masoko, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila aliyewahi kukanyaga gati lile anamjua kwa kofia yake na kwa makelele yake, leo amenitazama usoni, mimi niliyelipa nauli kama abiria wengine wote, akanyanyua kiganja na kusema: "Ninyi ni wenyeji, mtayaona siku nyingine."

Siku nyingine! Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Kwetu bahari tunaiona kwenye kalenda. Nimepanda basi juu ya basi, nimelala stendi, nimekula mahindi ya kuchoma hadi taya likalalamika, ili tu nisimame ndani ya magofu ya Songo Mnara, kisha mtu ananiambia kwamba nitayaona siku nyingine, kana kwamba yako nyuma ya choo cha nyumbani kwetu.

Tangazo lake liliahidi safari ya tanga, ghuba tulivu na miji ya kale. Tanga lenyewe lilibaki limefungwa kwenye foromali tangu Masoko, na injini ilinguruma kiasi kwamba samaki wote wa Kilwa nadhani sasa wanaishi Mtwara. Pale Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 na ambao kuba zake watu huvuka bahari kuja kuzitazama, tulipewa muda wa kumeza mate mara mbili. Husuni Kubwa, jumba la kifalme lenye bwawa la pembe nane, tulionyeshwa kwa kidole kutoka majini, na kidole chenyewe kilikuwa kinaelekea kwenye mbuyu.

Hayo yote niliyavumilia. Tulipofika Songo Mnara maji yalikuwa yameanza kupwa, na mtumbwi wa kutupeleka ufukweni ulikuwa mmoja. Wageni kutoka Ulaya wakashushwa kwanza, jambo ambalo sikulipinga. Nilipoinuka mimi pamoja na mume na mke kutoka Morogoro, ndipo kile kiganja kikanyanyuliwa na maneno yale yakatamkwa, tena kwa tabasamu, mbele ya mabaharia, mbele ya wageni, mbele ya ndoo ya samaki.

Haikuishia hapo. Maji yakaendelea kukimbia, chombo kikapwelewa, na sisi watu wa siku nyingine tukaambiwa tushuke kukisukuma. Kumbe kutazama ndiko kulikokuwa kwa siku nyingine. Kusukuma kulikuwa kwa leo! Wageni waliporudi, bibi mmoja wa Kibelgiji alinionea huruma, akakaa kando yangu na kunionyesha kwenye simu yake vidaka vya kuta, milango ya matumbawe na mihrabu. Nimesafiri kutoka Kondoa hadi Songo Mnara ili nionyeshwe Songo Mnara kwenye simu ya Mbelgiji.

Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani. Ninauliza kwa heshima zote: Kondoa iko dunia gani?

Kasa Mzee:

Pole sana, dada yangu. Kuhusu injini, hata hivyo, naomba nimtetee kidogo. Huu ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na anayetoka Masoko kwenda Songo Mnara anaelekea kusini, kwa hiyo chombo cha tanga kingelazimika kwenda bisho, kikikata huku na huku, na mngefika wakati wa kulala. Kosa lake ni kuwafikisha maji yakiwa yanakupwa, tena siku za bamvua, ambapo bahari ya Kilwa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Nahodha asiyejua saa za maji ni abiria mwenzenu aliyevaa kofia.

Mla Pweza:

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akashuka pwani bila kuambiwa asubiri chomboni. Mleta uzi, tatizo lako ni kwamba hukuja na kitabu cha kuandikia safari wala kilemba.

Mjukuu wa Kondoa:

Kasa Mzee, sikufungua uzi ili nifundishwe upepo. Upepo haukuniambia kwamba mimi ni mwenyeji na nitayaona siku nyingine. Aliyesema ni binadamu, mwenye meno, na meno nikayaona yote.

Mla Pweza:

Umeyaona meno yote na bado unasema hukuonyeshwa mambo ya kale?

Shela kwa Shela:

Bibiye, pole, ila wewe umeachwa kwenye chombo kinachoelea, angalau mwanzoni. Sisi tulipelekwa magofu ya Takwa, kisiwani Manda, kwa kupitia kile kijito cha mikoko ambacho kila mtoto wa Lamu anajua kwamba hupitika maji yakijaa tu. Nahodha wetu, ambaye pia anajulikana, alikuwa akizungumza na mchumba wake kwa simu. Tuliuona msikiti na ile nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, tukarudi tukakuta mashua imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Tulisubiri maji yarudi hadi usiku, na mbu wa Takwa, ambao nadhani hawajapata mlo wa maana tangu mji ule ulipohamwa karne ya 17, walifanya karamu. Mchumba alipiga simu tena, na tukalazimika kunyamaza ili wasikilizane.

Mpemba Mtulivu:

Ninyi mmefika. Sisi huku Pemba tulilipia kisiwa cha Misali na magofu ya Ras Mkumbuu kwa siku moja. Misali tuliogelea hadi ngozi ikakunjamana, kisha tukaambiwa kwamba Ras Mkumbuu imefutwa kwa sababu mafuta ya boti hayatoshi. Makaburi yenye nguzo nimeyaona kwa mbali, na sina hakika kama hayakuwa minazi.

Mswahili wa Stuttgart:

Msidhani kwamba haya yako kwetu tu. Nilikwenda Uturuki, pwani ya Kekova, ambako sehemu ya mji wa kale ilizama baharini baada ya matetemeko ya ardhi. Chombo kilikuwa na milingoti miwili mizuri sana, na tanga hatukuliona hata moja, kwa sababu kule pia ni injini asubuhi hadi jioni. Juu ya magofu yenyewe hairuhusiwi kuogelea. Hata hivyo nakiri kwamba hakuna aliyeniomba nisukume.

Mjukuu wa Kondoa:

Naomba turudi kwenye mada. Aliniambia, na ninanukuu tena: "Ninyi ni wenyeji, mtayaona siku nyingine."

Kasa Mzee:

Shela kwa Shela, samahani, Takwa usiilinganishe na Kilwa. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa, imepatikana hadi Zimbabwe Kuu. Takwa imetoa mbu.

Shela kwa Shela:

Sarafu mlikuwa nazo, na mji mmebaki na magofu. Lamu watu wanaishi ndani ya nyumba zao za kale hadi leo, na punda wanapita. Isitoshe, jahazi la Lamu bado linakwenda kwa tanga, hata kama nahodha ana mchumba.

Mpemba Mtulivu:

Kuna anayejua namna ya kurudishiwa nusu ya nauli ya Ras Mkumbuu?

Baba Watoto Watatu:

Habari za jioni, wakuu. Nimesoma uzi wote kwa makini na nimevutiwa. Tuko familia, tunataka kwenda Songo Mnara mwezi Januari, wakati wa kaskazi, ili tusukumwe na upepo wakati wa kwenda. Huyo bwana wa kofia anapatikana kwa namba gani?

Mjukuu wa Kondoa:

Baba Watoto, umesoma uzi upi? Mtu huyu ameniacha chomboni, akanisukumisha jahazi, na wanao atawaambia kwamba wao ni wenyeji!

Baba Watoto Watatu:

Nimekuelewa, dada, na pole sana. Kwa hiyo namba yake hunayo?