Tipa ya chumvi 1/24: chesisi ya Italeri, ya AMT, au kuikata mwenyewe?

Tupa_Laini (Malindi)
Wakuu, nataka kuunda modeli ya plastiki ya tipa ya ekseli tatu, mfano wa zile zinazobeba chumvi Gongoni. Vilivyoko mezani ni maboksi mawili ya modeli za kuunga: Scania 143 Topline ya Italeri, kwa skeli ya 1/24 (mm 1 ya modeli ni mm 24 za gari halisi), ambayo ni kichwa cha trela chenye ekseli mbili, na Ford LNT-8000 ya AMT, 1/25, yenye bodi ya tipa na ekseli mbili za nyuma. Naona njia tatu: kurefusha chesisi ya Italeri na kuifungia ekseli za AMT, kutumia chesisi ya AMT nzima na kuikalishia kebini ya Scania, au kukata chesisi mpya kwa shiti ya plastiki. Je, tofauti ya 1/24 na 1/25 itaonekana wapi?

Vernia_ya_Shela (Lamu)
Huku Amu magari yenyewe ni ya kuhesabu kwa vidole, lakini hesabu ni ile ile. Tofauti ni asilimia 4 na kidogo. Iogope tu pale ambapo jicho limeshazoea ukubwa wa kitu: mlango, kiti, usukani, sanamu ya dereva. Hivyo vyote vitoke boksi moja. Bodi ya tipa haina kipimo kimoja, kila fundi wa kuchomelea huipa urefu anaoagizwa.

Upana wa chesisi nao uupime. Fremu ya lori la Marekani ina upana wa inchi 34, sawa na mm 864. Kwa 1/25 ni mm 34.5. Ya Ulaya hutofautiana kwa kila kiwanda. Kwa hiyo pima reli za Italeri zenyewe kabla ya kufunga ekseli za AMT. Tofauti utakayoipata igawe sawa kila upande, umemaliza.

Upana wa bodi ndio mtego. Bodi ya futi 8 kwa 1/25 ni mm 97.5, na kebini ya mita 2.5 kwa 1/24 ni mm 104. Bodi itaonekana imekonda nyuma ya kebini. Usiipasue katikati. Bandika mbavu za wima za mm 3 kila upande, kama zilivyo kwenye tipa halisi, upana ufike 103.5.

Tairi: saizi ya 11R22.5 ina kipenyo cha karibu mm 1050, kwa 1/25 ni mm 42. Ukiisoma kwa 1/24 inakuwa mm 1008, yaani inakaribia 10R22.5. Inakubalika, ila tairi zote kumi zitoke boksi moja. Mbele Italeri na nyuma AMT ni kosa linaloonekana mtu akiwa bado mlangoni.

Fundi_Springi (Ngomeni)
Njia ya pili iache kabisa. Ford ile ina boneti: injini iko mbele ya kebini. Scania inakaa juu ya injini. Utalazimika kung'oa rejeta, vishikio vya injini na springi za mbele, kisha uvipange upya vyote. Hapo umebakiwa na chesisi ya AMT kwa jina tu.

Chukua ya kwanza. Kwa gari lenye mita 3.8 kutoka ekseli ya mbele hadi ya pili, weka mm 158. Kutoka ya pili hadi ya tatu, mita 1.35, weka mm 56. Kata nyuma ya kebini, mahali pasipo na kishikio cha springi. Usikate wima moja kwa moja, maana kiungo hicho kitavunjika siku ya kwanza utakapoinua bodi. Kata kwa ngazi, umbo la Z, ncha zipandane mm 15, na ndani ya mfereji wa fremu uweke kiraka cha mm 0.5 chenye urefu wa mm 40. Reli mbili zikatwe sehemu tofauti, viungo visikabiliane.

Ziunganishe juu ya kioo, si juu ya meza ya mbao. Ziache saa 24. Kisha funga ekseli bila gundi, weka gari kwenye kioo, na upitishe ukanda wa karatasi chini ya kila tairi. Ukiteleza chini ya moja, fremu imejipinda. Irekebishe sasa, kwa sababu bodi ikishapanda hakuna dawa.

Bawaba ya bodi ni spoki ya baiskeli, mm 2. Toboa tundu la 2.1 lizunguke bila kulegea.

Praima_Kijivu (Malindi)
Fundi Springi, kwa heshima, ya tatu nayo usiitupe. Kama chesisi ya Italeri imeshapinda ndani ya boksi, kukata mpya ni haraka kuliko kuinyoosha. Kila reli: ukanda wa mm 1 wenye upana wa mm 10 kwa wima, na kanda mbili za mm 0.5 zenye upana wa 3.3 juu na chini. Unapata kimo cha mm 11, sawa na fremu ya mm 264. Viunganishi vya kukingama vitano au sita.

Shiti ikikosekana, vikombe vya yoghati vyenye alama ya 6 PS (polistairini, plastiki ile ile ya modeli) vinashika gundi ya modeli. Kava la siidii pia ni polistairini, ila linapasuka kama kioo. Kadi za plastiki nyingi ni PVC, gundi ile haiziyeyushi, tumia supaglu. Kujua, dondosha tone la gundi ya modeli pembeni: plastiki ikilainika na kunata, inafaa.

Mmesahau kebini. Topline ina paa refu na kitanda. Tipa ya chumvi haina haja navyo. Punguza kuta za nyuma ya mlango kabla ya kuunganisha chochote, halafu paa ulishushe. Usukani nao uhamie kulia, pamoja na boksi la stelingi na fimbo yake chini, na waipa zigeuzwe upande. Wengi huhamisha usukani wakaziacha waipa.

Tupa_Laini (Malindi)
Ahsanteni. Naenda na ya kwanza, kebini fupi. Kromu ya AMT naitoaje? Na rangi ya duko (ile ya magari, ya kupuliza) inaota ukungu mweupe.

Praima_Kijivu (Malindi)
Kromu: loweka kwenye Jik. Mng'ao wa rangi ya fedha utatoka, lakini chini yake hubaki vanishi ya kung'aa ambayo gundi haiipiti. Ikwangue pale tu unapounganisha.

Ukungu ni unyevu. Thina ikiruka haraka hupoza uso wa plastiki, mvuke wa hewani unatua juu ya rangi mbichi. Tumia thina ya kukauka polepole, piga adhuhuri, wala usipige mvua ikiwa imetoka kunyesha. Kaskazi ni rahisi kuliko masika. Praima kwanza, kisha duko kwa tabaka za vumbi-vumbi, la sivyo thina itaichoma plastiki.

Vernia_ya_Shela (Lamu)
Rimu zipake rangi hata ndani pasipoonekana. Mafuta ya tairi za vinili huyeyusha plastiki tupu, na joto letu huharakisha. Ukanda wa foili kati ya tairi na rimu ni salama zaidi.

Fundi_Springi (Ngomeni)
Na mzigo usiwe chumvi ya kweli, najua unalifikiria. Inavuta maji, itatiririka ndani ya bodi na kutia kutu spoki yako. Chini weka povu lililochongwa kama lundo, juu unga wa marumaru, kisha gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo. Nyuma chevroni za nyekundu na njano na kibandiko cha 80 KPH. Madigadi kata kwenye tyubu ya baiskeli.

Tupa_Laini (Malindi)
Tyubu inashikaje? Supaglu inaikataa.

Fundi_Springi (Ngomeni)
Isugue kwa msasa 240 mpaka ule mng'ao ufe, ifute kwa spiriti, ndipo utie.